Mafuta ya Mtondoo Yasiyoungwa

Kabla sijapewa kupima chochote, niliosha chupa mwaka mzima. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kule juu Kwale, mali ya idara ya kilimo, na aliyeiendesha alikuwa Mzungu mmoja mrefu ambaye sisi tulimwita Bwana Mkemia, naye akaitikia. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa kijana wa Msambweni niliyesoma kiasi cha kutosha kuandika tarakimu zikasomeka. Msaidizi wa kupima alipohamishwa, nilinyang'anywa kitambaa cha kuoshea nikakabidhiwa bureti, ule mrija wa kioo wenye alama ambao hudondosha dawa tone kwa tone. Siku hiyo nilirudi chumbani kwangu nikitembea kama mtu aliyepewa ukadhi.

Tulichopima zaidi ni mbata, yaani nazi zilizokaushwa. Wenye minazi wa Diani na Msambweni walizileta katika magunia, sisi tukazikamua na kuangalia mafuta yake yana maji kiasi gani, uchachu kiasi gani, yatafaa kula au yatafaa sabuni. Nilizipima mbata mpaka nikawa naujua mnazi kwa tarakimu zake kuliko nilivyoujua kwa kuukwea.

Nina tabia moja iliyonifaa kazini na kuniharibia kwingine kote: sivumilii neno "kama". Mtu akiniambia tia maji kama vikombe viwili, mimi huuliza, kama viwili au viwili? Mama yangu alikuwa akisema nitakufa bila mke kwa sababu ya swali hilo. Alikosea, lakini si sana.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikaa Msambweni kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Shamba lake halikuwa kubwa. Alikuwa na mihogo, minazi michache, na mpakani, upande wa barabara, mitondoo mitatu iliyopandwa na mama yake. Mtondoo ni mti wa pwani, majani yake mazito yanang'aa, na matunda yake ni ya mviringo, hayaliwi. Ndani ya tunda mna kokwa, na katika kokwa ndimo hutoka mafuta ya kijani yaliyokoza, ya kupaka viungo vinavyouma, vidonda vikaidi na migongo ya wanawake waliojifungua. Mji mzima ulijua mafuta ya nyanya yangu. Aliyetaka akaja na chupa yake, akaondoka nayo imejaa, na siku ya pili akaleta alichojaaliwa, samaki au unga.

Mwaka huo watu wa barabara walikuja kupima. Barabara ilitakiwa kupanuliwa, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyeupe, na vigingi vitatu vikaangukia penye mitondoo mitatu. Nyanya alivitazama vile vigingi asubuhi, adhuhuri na jioni. Akamwita bwana shamba wa sehemu ile, mwenyeji wa Bongwe, mtu mwenye huruma na maneno mengi. Bwana shamba akamwambia liko tumaini moja. Ng'ambo ya pili ya barabara ni kichaka kitupu. Ikiwa maabara itaandika kwamba mafuta ya mti huu yana faida ya pekee, basi yeye ataichukua barua hiyo mpaka kwa mkuu wa wilaya, na barabara itasogezwa hatua chache upande wa kichaka. Bila barua, miti inakatwa.

Kwa hiyo kazi ikaangukia kwangu. Bwana Mkemia alikubali upesi, kwani alikuwa amechoshwa na mbata. Kwanza aliagiza matondoo mabichi, akapasua, akakamua kokwa zake nyeupe, hakikutoka kitu. Alikuja juu. Nikamweleza kwamba kokwa mbichi ya mtondoo ni kavu kama muhogo, mafuta huja yenyewe kadiri inavyokauka kivulini, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka igeuke hudhurungi na kunata vidoleni. Watu wa barabara hawakuwa na miezi miwili ya kutungoja. Nikamwambia nitaleta mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, kutoka kwa mwenye miti mwenyewe.

Nilishuka Msambweni Jumamosi na lori la magunia.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Kwale hawali?"

Nikamwambia serikali inataka kuyapima mafuta yake.

"Kuyapima nini, urefu?"

Nikacheka, naye akacheka, kisha nikarudi kwenye shughuli yangu kwa ile sauti yangu ya maabara. "Nataka mafuta ya mtondoo, nyanya. Mtondoo mtupu. Yasiwe na kitu kingine."

"Na mimi nitakutilia kitu gani kingine? Mchanga?"

Akaichukua chupa yangu, niliyoiosha mimi mwenyewe mara tatu, akaingia nayo uani. Mimi nilikaa barazani nikanywa chai. Uani palikuwa pa wanawake, na mwanamume mwenye bureti yake hana kazi ya kuchungulia vyungu. Akarudi nayo imejaa, imezibwa kwa gunzi la hindi, imefutwa nje kwa upande wa kanga. Niliandika kibandiko palepale: mtondoo, Msambweni, safi.

Mafuta yote, ya mti au ya mnyama, yamejengwa kwa asidi. Ziko nzito na ziko nyepesi. Ziko ngumu, ambazo huganda zikipoa, na ziko laini, ambazo hunywa aidini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Ukijua mafuta yana asidi zipi na kwa kiasi gani, umejua yatafaa nini. Mitambo ya kuitenga kila asidi peke yake hatukuwa nayo. Sisi tulizijua kwa kuzizungukia. Unachemsha mafuta na magadi makali katika spiriti, ukiona yamekunywa magadi mengi unajua asidi zake ni nyepesi. Unayatia aidini, unayafungia kabatini gizani, kisha unapima aidini iliyobaki, ukiona nyingi imebaki unajua asidi laini ni chache. Halafu unayapitishia mvuke, na zile nyepesi hupanda na mvuke, zikashuka upande wa pili na kuelea juu ya maji. Kila kipimo nilikirudia mara tatu. Hapo hapakuwa na "kama".

Tarakimu zilitoka za ajabu. Mafuta yalikunywa magadi mengi kuliko tulivyotarajia kwa mti wa jamii ile, na yalikunywa aidini kidogo. Mvuke ulipopita, asidi nyepesi zikaelea juu ya maji, wazi, za kuonekana kwa macho. Bwana Mkemia aliinama akazitazama, akanyanyuka, akainama tena.

"Hii mafuta iko ajabu," akasema kwa Kiswahili chake. "Iko ajabu sana."

Alipika kipande cha sabuni kwa yale mafuta, akanituma Diani kuleta chupa ya maji ya bahari. Sabuni za kawaida hazitoi povu katika maji ya chumvi. Hii ilitoa. Alipiga povu mpaka kwenye viwiko, akacheka peke yake kama bibi harusi anayeoshwa. Jioni ileile alianza kuandika barua: mti wa porini, usiotaka mbolea wala kupaliliwa, wenye mafuta ya sabuni ya baharini. Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaza barabara ikipinda kwa ajili ya nyanya yangu, na madereva wa miaka ijayo wakiuliza, hapa pana nini?

Sabuni ile ndiyo iliyoniharibia furaha. Ilibaki mezani, na asubuhi nilipofungua mlango nikapigwa na harufu yake. Chini kulikuwa na ule ukali wa mtondoo, lakini juu yake palikuwa na harufu nyingine, nzuri, ya nyumbani, ya shingo ya nyanya yangu siku ya Idi. Nikakaa kitini. Kisha nikafungua daftari la mbata.

Asidi zile nyepesi nilizijua. Nilikuwa nikizipima kila wiki, zilikuwa za nazi. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona utotoni mara mia, nisikihesabu kuwa ni kitu: nyanya akimimina mafuta ya mtondoo kwa upawa, upawa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne wa mafuta ya nazi, kisha akiitikisa chupa huku akisema, "Yasiyoungwa hayatoki nyumbani." Kwetu mchuzi huungwa kwa nazi, na mafuta ya kupaka huungwa hivyohivyo, yasiwe makali kwa ngozi, yasinuke kwa mgeni. Mwanamke anayetoa mafuta bila kuyaunga ni kama aliyempa mgeni wali bila kitoweo. Nyanya hakuniongopea. Nilipomwambia mtondoo mtupu, alinipa mtondoo mtupu, kama anavyojua kila mwanamke wa kwetu. Hata mimi, niliyekulia uani kwake, sikufikiri kuuliza, nikaandika "safi" kwa mkono wangu.

Nilipiga hesabu: pawa tatu kwa moja. Ilikubali karibu sawasawa na tarakimu zangu.

Siku tatu nilinyamaza. Sitajisifu kwamba nilikuwa nikitafakari haki na batili. Nilikuwa naogopa tu. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa taipu, inangoja sahihi na gari la Ijumaa. Nikisema, miti inakatwa. Nisiposema, miti inasimama, nyanya anafurahi, na hakuna aliyeumia ila daftari. Niliiangalia barua ile mezani kila nilipopita. Usiku wa tatu niliota napima mafuta na bureti haina alama. Watu wengine huota majini, mimi niliota hayo.

Alhamisi nilimwambia. Nilisema kwa kifupi, nimesimama, mikono nyuma. Bwana Mkemia alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa barua katika bahasha, akaichana mara mbili.

"Nyanya yako anachanganya mafuta," akasema. "Kama mtu wa maziwa na maji."

"Hachanganyi, bwana. Anaunga."

"Iko tofauti gani?"

Nilikuwa na majibu mengi, lakini hakuna lililoingia katika Kiswahili chake wala katika Kiingereza changu. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Yeye hakuona. Alitaka mafuta mengine, yasiyotiwa kitu, na alitaka upesi.

Nilirudi Msambweni. Njiani nilipanga maneno matamu, nilipofika yakanikimbia, nikasema waziwazi kwamba yale mafuta yalikuwa na nazi na nazi imeharibu kipimo. Nyanya alikuwa anakuna nazi wakati huohuo, juu ya mbuzi yake. Akaacha.

"Umemwambia Mzungu nimeghushi?"

"Sikusema hivyo, nyanya."

"Ulisema vipi?"

"Nilisema umeyaunga."

"Na yeye akaelewa nini?"

Nikaokota kifuu kilichokuwa chini. Alinijua tangu kuzaliwa, akaelewa. Akapaaza sauti, majirani wasikie, kwamba amekamua mafuta tangu kabla mama yangu hajazaliwa, kwamba wanaume wa mji huu wametembea kwa magoti aliyoyasugua yeye, na leo mjukuu wake, aliyetoka damu na makamasi kifuani pake, anakwenda Kwale kumwita tapeli. Alipomaliza aliingia ndani, akatoka na kikapu cha kokwa kavu alizokuwa amezihifadhi, akazitwanga mbele yangu, akazipasha moto, akazikamua kwa kifumbu. Hakunikaribisha chai. Alimimina mafuta katika chupa yangu, mazito, ya kijani kilichoelekea weusi, yenye harufu kali ya kukereketa pua.

"Haya. Nimekupa yakiwa uchi, kama ulivyotaka," akasema. "Lakini usiseme yametoka kwangu."

Kwenye kibandiko niliandika mtondoo, Msambweni. Neno "safi" sikuliandika tena, ingawa safari hii yalikuwa safi.

Vipimo vya pili havikutuchukua muda. Mafuta yalikuwa na uchachu mwingi na yamejaa utomvu, na ilibidi kuyasafisha kwa magadi kabla ya kuyagusa. Asidi zake nyingi zilikuwa zile laini zinywazo aidini, na sehemu iliyobaki ngumu, nzito, kama za mafuta mengine mengi. Mvuke ulipopita, juu ya maji hapakuelea kitu cha maana. Sabuni yake ilikuwa nyeusi na laini kama ugali wa jana, na katika maji ya bahari ilikaa kimya. Nilirudia mara tatu, kisha mara ya nne ambayo haikutakiwa. Bwana Mkemia aliandika mistari mitano. Mafuta ya mti huu, ilisema barua, yanafaa kwa matumizi ya wenyeji, hayana faida ya pekee. Niliipeleka mimi posta.

Bwana shamba aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Aliniambia baadaye kwamba alijaribu kwa mdomo, lakini mdomo wa bwana shamba si karatasi. Mitondoo ilikatwa kabla ya mvua. Walioikata walikuwa vijana wa kwetu, na mmoja wao alikuwa na goti lililopona kwa mafuta ya miti hiyohiyo. Alifanya kazi aliyolipwa kufanya. Sina la kumwambia, kwani mimi pia nilifanya yangu.

Nilikaa wiki kadhaa bila kwenda. Mama alinitumia salamu kwamba nyanya haulizi habari zangu, na kwetu hiyo ndiyo salamu mbaya kuliko zote. Hatimaye nilikwenda. Penye miti palikuwa na visiki vitatu vyekundu na mwanga mwingi usio na haya, unaoingia mpaka mlangoni. Nyanya alikuwa ameketi barazani juu ya jamvi. Mbele yake palikuwa na rundo la matondoo, yote aliyoyaokota chini ya miti iliyoanguka, na jiwe la kupasulia.

"Shikamoo, nyanya."

Aliiacha shikamoo yangu ikakaa. Akapasua tunda, akatoa kokwa, akaiweka kando.

"Marahaba," akasema mwishowe, na kwa mguu akanisogezea jiwe la pili.

Tulipasua mpaka adhuhuri. Mikono ikishughulika mdomo hupata njia, basi nikamweleza yote: magadi, aidini, mvuke, barua ya kwanza, siku tatu za kunyamaza, ndoto. Nilimweleza kwamba nisingeweza kuandika nazi nikaiita mtondoo. Nilimwambia nimeumia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Ile karatasi ya kwanza. Ingefika, miti yangu ingekuwako?"

Ningeweza kusema sijui, na hilo nalo lingekuwa kweli, kwa kuwa nani anayeijua serikali? Lakini hakuniuliza serikali.

"Ingekuwako, nyanya."

Akaitika kwa kichwa, polepole. "Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu," akasema. "Basi Mungu akupende, mwanangu. Mimi niache kwanza nililie miti yangu." Na akalia, hakujificha, huku mkono ukiendelea kupasua.

Kokwa zile zilikauka kivulini miezi miwili. Nilirudi siku ya kukamua, kwani aliniita mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu niote ndevu nikaambiwa niingie uani. Yalitoka mafuta kidogo, na wote tulijua kwamba hayatakuja mengine. Akaniagiza nishike chupa. Akamimina upawa wa kwanza wa mtondoo, wa pili, wa tatu. Kisha akauvuta mtungi wa mafuta ya nazi, akachota upawa umejaa hasa, akaumimina taratibu mbele ya macho yangu, mpaka tone la mwisho. Akaziba kwa gunzi, akaitikisa, akaifuta kwa kanga, akaniwekea mkononi, lakini hakuiachia.

"Nimeyaunga," akasema, akinitazama. "Haya. Nenda kaseme."